Kipendacho Moyo: Nyimbo Tatu za Queen na Adabu ya Kutuza

Ikisiri

Makala hii inajadili nafasi ya upenzi wa msikilizaji katika uhakiki wa nyimbo. Katika madarasa yetu ya fasihi, wimbo huhakikiwa baada ya maneno yake kuhamishiwa karatasini, na mapenzi ya mhakiki kwa wimbo huo huhesabiwa kuwa jambo la pembeni au kikwazo. Makala inapendekeza kwamba adabu ya kutuza katika taarabu, yaani desturi ya msikilizaji kuinuka na kumpa mwimbaji fedha mahali mahususi pa wimbo, ni tendo la ufasiri linaloweza kuutia upenzi nidhamu. Pendekezo hilo linajaribiwa kwa nyimbo tatu za bendi ya roki ya Queen ambazo mwandishi amezipenda tangu utotoni: "We Will Rock You", "Bohemian Rhapsody" na "Radio Ga Ga". Inahitimishwa kwamba uenyeji wa wimbo hujengwa katika usikilizaji, na kwamba mahali alipozaliwa mwimbaji pekee hapatoshi kuuthibitisha.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili kuhusu mapenzi ambazo haziketi vizuri katika jamvi moja. Ya kwanza yasema kipendacho moyo ni dawa. Ya pili yaonya kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Uhakiki wetu wa fasihi umeegemea methali ya pili. Mwanafunzi anayeanza kuhakiki wimbo hufundishwa kuyaandika maneno yake, kuyapanga katika beti na mishororo, kisha kutafuta dhamira upande mmoja na fani upande mwingine. Haulizwi kama anaupenda wimbo huo. Akisema anaupenda, huenda akaambiwa kwamba hilo si hoja.

Nimefundisha kwa njia hiyo kwa miaka mingi na siidharau. Imetuwezesha kuyasoma mashairi ya waimbaji kwa uzito uleule tunaoyapa mashairi ya vitabuni. Hata hivyo, kila ninapoitumia hunijia swali ambalo sijaweza kulikwepa. Nyimbo za kwanza nilizozipenda maishani zilikuwa za lugha nisiyoielewa. Nilikuwa mtoto wa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alirudi safari moja na kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino neno moja: Kwini. Tuliisikiliza kwa redio ya betri nne, na betri zilipochoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja au miwili zaidi. Utepe ulipolegea tuliukaza kwa kuchomeka kalamu na kuizungusha.

Ikiwa maana ya wimbo imo katika maneno yake, basi mimi nilipenda kitu kisichokuwa na maana. Siamini hivyo. Makala hii ni jaribio la kueleza ni kitu gani nilichokuwa nikikipenda, na kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaweza kuwa uhakiki badala ya kuwa kumbukumbu tu. Nimechagua nyimbo za roki kwa makusudi. Nyimbo hizo ziko mbali na jadi yetu, na kwa hiyo zinalipima pendekezo langu kwa ukali zaidi kuliko nyimbo tulizozizoea.

2.0 Kutuza kama tendo la ufasiri

Nadharia ninayoihitaji siikopi mbali. Imo ukumbini, katika taarabu. Mwimbaji anapoimba, msikilizaji, aghalabu mwanamke, huinuka kitini, akatembea kwa madaha hadi jukwaani huku noti ikionekana mkononi, akaitoa na kurudi. Mgeni akitazama ataona zawadi. Mwenyeji ataona kauli. Mtuzaji hainuki wakati wowote. Huinuka panapoimbwa mshororo unaogusa jambo lake: mume aliyehama, jirani mwenye domo, shoga aliyegeuka. Wakati mwingine hupitia makusudi mbele ya yule anayekusudiwa. Mtunzi wa shairi hakumjua mama huyu wala jirani yake. Lakini tangu dakika ile, ukumbini humo, mshororo ule umekuwa wake, na waliohudhuria wote wanalijua hilo.

Mambo matatu katika adabu hii yanamhusu mhakiki. Kwanza, upenzi wa mtuzaji una mahali. Hausemi tu kwamba wimbo ni mzuri. Unaonyesha ni wapi. Pili, upenzi huo uko hadharani, kwa hiyo wengine wanaweza kuukubali, kuucheka au kuujibu kwa kuinuka kwao. Tatu, una gharama. Mtuzaji anatoa chake, na anajiweka machoni mwa watu. Fumbo la taarabu haliishi bila mtu wa namna hii, kwa sababu fumbo lisilofumbuliwa na yeyote hubaki maneno tu.

Napendekeza basi kwamba mhakiki wa wimbo anaoupenda aanze kwa kujiuliza swali la mtuzaji: ningeinuka wapi? Akishapata mahali pale, kazi ya uchambuzi inaanza: kwa nini hapo, na si mshororo mmoja kabla au baada?

3.0 Nyimbo tatu

3.1 "We Will Rock You"

Wimbo huu, ulioandikwa na mpiga gitaa Brian May, ulitoka mwaka 1977 katika albamu ya News of the World. Umejengwa juu ya mdundo wa vishindo viwili vya miguu na kofi moja. Hakuna dramu za kawaida wala gitaa la besi. Sauti ya mwimbaji inasimama juu ya miguu na viganja tu, na gitaa halishiki usukani hadi mwishoni. May ameeleza kwamba wazo lilimjia baada ya onyesho ambalo hadhira iliendelea kuimba wenyewe, naye akajiuliza ni kitu gani watu waliosongamana ukumbini wanaweza kukifanya pamoja. Jibu lilikuwa: kupiga miguu, kupiga makofi na kuimba.

Msikilizaji wa pwani haoni ugeni mkubwa katika jibu hilo. Makofi na vishindo ni ala katika ngoma zetu nyingi, na mwimbishaji asiye na waitikiaji si mwimbishaji. Katika shule ya bweni niliyosoma, tuliupiga wimbo huu juu ya madawati kabla ya mechi za mpira, ngumi mbili na kofi moja, bila kujua beti zake. Kwetu ulikuwa wimbo wa ushindi na tambo.

Nilipoyasoma maneno yake miaka mingi baadaye, nilishangaa kuona kwamba ushindi una nafasi ndogo mno humo. Beti tatu zinamsemesha mtu katika umri wa aina tatu: kwanza mtoto anayecheza mtaani, kisha kijana mwenye makeke, mwisho mzee maskini anayetamani kupata amani siku moja. Katika umri wote huo uso wake ni mchafu na heshima yake ni haba. Kwa maneno peke yake, huu ni wasifu wa mtu aliyeshindwa. Kwa mdundo peke yake, ni tambo. Mhakiki wa karatasi atauita wimbo wa huzuni, na mwanafunzi juu ya dawati atauita wimbo wa vita. Wote wawili wamesikia nusu.

Leo ningeinuka katika ubeti wa tatu, anapoitwa mzee. Vishindo havipungui hapo. Havimwonei huruma wala havimwachi. Vinampigia yeye kama vilivyompigia mtoto. Umati unaotamba na mtu anayedhalilika wamefungwa katika pigo moja, na ndiyo maana wimbo huu hauchoshi licha ya kurudiarudia. Sikuyajua hayo nikiwa na miaka 14. Lakini mkono wangu juu ya dawati ulikuwa tayari umeingia katika umati ule, na ni kutoka ndani ya umati ndipo nilipokuja kumwona mzee.

3.2 "Bohemian Rhapsody"

Wimbo wa pili ni maarufu kuliko wote wa Queen. Ulitungwa na mwimbaji wao, Freddie Mercury, ukatoka mwaka 1975, na una urefu wa karibu dakika sita. Hauna kiitikio kinachorudi. Unaanza kwa sauti za pamoja bila ala, ukaingia katika masimulizi ya taratibu kwa piano, ambapo kijana anamkiri mama yake kwamba ameua mtu. Kisha gitaa, kisha sehemu ya mtindo wa opera, kisha roki ya kishindo, na mwisho utulivu. Katika sehemu ya opera, Mercury, May na mpiga dramu Roger Taylor walirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka, hata watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Mercury hakuutolea wimbo huo ufafanuzi kamili hadi alipofariki mwaka 1991.

Nilipousikia mara ya kwanza nilielewa neno moja tu, nalo lilikuwa limo katika sehemu ya opera: bismillahi. Nilikuwa nikisoma chuoni kila alasiri, na neno hilo lilikuwa la kufungulia. Tulilisema kabla ya kuandika ubaoni, kabla ya kula, kabla ya kuchinja. Tenzi zetu nyingi za kale nazo hufunguliwa kwa kulitaja jina la Mungu. Nilichotatizika nacho ni mahali pake. Hapa halikufungua kitu. Lilikuja katikati ya zogo.

Bibi yangu, ambaye hakujua Kiingereza hata cha salamu, lakini aliyekuwa mpenzi wa taarabu tangu ujana wake, alikuwa anapepeta mchele barazani. Alisimamisha ungo akasikiliza. "Kakosa nini huyo wanayembana?" akauliza. Mjomba hakuwa na jibu. Bibi akasikiliza tena, kisha akasema: "Si wamwache, na keshalitaja jina la Mungu?"

Nimelifikiria swali la bibi kwa muda mrefu kuliko ninavyofikiria vitabu vingi vya nadharia. Hakuelewa neno jingine lolote, lakini alisikia sawasawa kwamba kuna mmoja anayeomba kuachiliwa na wengi wanaokataa. Aliyapata hayo katika mpangilio wa sauti: moja nyembamba inayosihi, nyingi nzito zinazorudi kwa pamoja. Huo ulikuwa uchambuzi wa fani uliofika kwenye dhamira bila kupita katika maneno.

Hata hivyo, bibi alikosea jambo moja, na kosa lake limenifunza zaidi ya usahihi wake. Yeye aliliweka jina la Mungu kinywani mwa anayesihi, kama kinga yake. Nilipoyasoma maneno, niliona kwamba neno lile linafuatwa papo hapo na sauti za kukataa, na linaweza kusomwa kuwa ni la wanaokataa. Wanaomzuia mtu asiende zake ndio waliotanguliza jina la Mungu. Masikio ya bibi, yaliyolelewa katika utamaduni ambamo neno hilo hufungua mlango, hayakuweza kulisikia likiufunga. Ndipo mahali ningepoinuka. Msikilizaji asiyelijua neno hilo atalichukua kuwa pambo la kigeni miongoni mwa majina mengine ya kigeni yaliyojaa humo. Sisi tunaolijua hatuwezi kulichukua hivyo. Linatuuma, na katika kuuma huko wimbo unapata uzito ambao pengine mtunzi hakuukusudia.

3.3 "Radio Ga Ga"

Wimbo wa tatu ni mwepesi. Uliandikwa na Roger Taylor, ukatoka mwaka 1984, na jina lake lilitokana na maneno ya mwanawe mdogo aliyekuwa anajifunza kusema. Unaiomboleza redio. Msemaji anaikumbuka kama rafiki wa usiku wa ujana wake, na anahofu kwamba enzi ya picha na video imeipokonya nafasi. Kuna kejeli isiyofichika hapo, kwa kuwa wimbo huu ulijulikana kwa video yake, iliyotumia picha za filamu ya kale ya Metropolis na umati unaopiga makofi mawili mawili juu ya vichwa. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, London, maelfu ya watu walipiga makofi yale kwa pamoja.

Mimi niliusikia katika redio tu, kupitia mawimbi ya kituo cha nchi jirani yaliyofika Tanga usiku. Ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi miaka ya 1990. Sikuona makofi wala umati. Nilisikia redio ikiimba kuhusu redio, na sikusikia msiba wowote. Kwetu redio haikuwa inakufa. Ndiyo iliyotuletea taarifa ya habari, matangazo ya vifo, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, na vipindi vya salamu ambamo mtu alituma kadi ili ndugu, jamaa na marafiki waliotajwa mmoja mmoja wamsikie mwenzao yu hai. Nyumba yenye redio ilikuwa nyumba yenye wageni.

Kwa hiyo wimbo uliotungwa kuwa maombolezo niliupokea kama sifa. Je, nilikosea? Kwa kipimo cha kusudio la mtunzi, ndiyo. Lakini tanzia na sifa zinakaribiana sana katika ushairi wetu wenyewe: anayemlilia marehemu huhesabu mema yake, na asiyejua kwamba mtu amefariki akisikia mema hayo atadhani anasifiwa aliye hai. Tofauti iko katika habari aliyonayo msikilizaji. Ilinichukua miaka kumi na zaidi kuipata habari hiyo. Siku hizi redio ya nyumbani kwetu haina wa kuiwasha, kila mtu ameinamia simu yake, na wimbo uleule nausikia kama ulivyotungwa. Haukubadilika hata noti moja. Ningeinuka sasa katika kiitikio, ambapo furaha niliyoisikia zamani na msiba ninaousikia leo vimo katika makofi yaleyale mawili.

4.0 Je, Freddie ni wetu?

Msomaji atakuwa akisubiri jambo ambalo nimelichelewesha makusudi. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Alisomeshwa katika shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza akiwa na umri wa miaka 17. Jambo hili huleta kishawishi kikubwa. Inakuwa rahisi kusema kwamba bismillahi ya "Bohemian Rhapsody" ni kumbukumbu ya Mji Mkongwe, na kwamba kwa hiyo wimbo una damu ya Uswahili.

Nakataa hatua hiyo. Kwamba mtoto wa Mji Mkongwe alilisikia neno hilo mitaani ni jambo la kutarajiwa. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba wimbo unahusu Zanzibar ni kuruka mto bila daraja. Wimbo wenyewe umekusanya majina kutoka Italia, Hispania na kwingineko, na hakuna anayedai kwamba ni wa huko.

Mjadala kuhusu Mercury Zanzibar umekuwa wa mtu kuliko wa nyimbo. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa na kikundi cha kidini, kwa hoja kwamba mwenendo wake haukulingana na maadili ya visiwani. Mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii huitembelea. Upande mmoja umemkana kwa sababu ya maisha yake. Upande mwingine umemdai kwa sababu ya cheti chake cha kuzaliwa. Pande zote mbili zinaweza kuendesha ubishi wao bila kusikiliza wimbo hata mmoja.

Adabu ya kutuza inatupa njia nyingine. Mama anayeinuka ukumbini haulizi mtunzi kazaliwa wapi, na wala hadai kwamba shairi limetungwa kwa ajili yake. Anaufanya mshororo kuwa wake kwa kuusikiliza kwa makini na kutoa chake. Kwa kipimo hicho, "We Will Rock You", kilichoandikwa na Mwingereza, ni chetu sawa na wimbo wowote wa Mercury, pale kinapopigwa juu ya madawati ya Tanga na mtu akatoka humo amejifunza kumtazama mzee.

5.0 Mipaka ya njia hii

Methali ya pili haijaondoka. Upenzi hupofusha, na mhakiki anayeanza na upenzi ana hatari ya kuishia katika kujisimulia. Naona masharti matatu ya kumlinda. La kwanza ni kwamba lazima aonyeshe mahali. Asiyeweza kuonyesha mshororo, pigo au sauti iliyomwinua, bado hajaanza kuhakiki. La pili ni kwamba atenganishe alichosikia na kilichomo, kama nilivyojaribu kutenganisha bismillahi ya bibi na bismillahi ya wimbo. Kosa la usikilizaji lina thamani kubwa, lakini baada ya kutambuliwa kuwa ni kosa. La tatu ni kwamba akubali kujibiwa. Mtuzaji mwingine anaweza kuinuka mahali pengine kwa sababu nzuri zaidi, na ukumbi utaamua.

Masharti haya hayaufuti uchambuzi wa maneno. Bila kuyasoma maneno nisingelijua kwamba mzee yumo katika wimbo wa kwanza, wala kwamba jina la Mungu linaweza kuwa la wanaokataa katika wa pili. Nisemalo ni kwamba karatasi inakuja baada ya sikio.

6.0 Hitimisho

Nilianza kwa kuuliza nilipenda nini katika nyimbo nisizozielewa. Jibu langu ni kwamba nilipenda uhusiano: umati na mmoja, anayesihi na wanaokataa, sauti iliyoko mbali na nyumba inayoipokea. Uhusiano huo ulikuwa katika sauti kabla haujawa katika maneno, na maneno yalipokuja yaliukamilisha, yaliusahihisha, na mara nyingine yaliugeuza. Kipendacho moyo kinaweza kuwa dawa, lakini dawa hupimwa kabla ya kunywewa.

Mwaka jana niliwaomba wanafunzi wangu wa uzamili kila mmoja alete wimbo anaoupenda na aonyeshe ni wapi angeinuka kutuza. Mmoja alileta wimbo wa bendi ya dansi. Nilimwuliza ni mshororo gani. Akajibu kwamba si mshororo. Ni pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa likaingia. Nikatazama karatasi aliyonikabidhi, ambayo alikuwa ameiandaa kwa bidii kama nilivyomfundisha, beti zote zimepangwa na mishororo imehesabiwa. Mahali pale alipopataja palikuwa ni nafasi tupu kati ya ubeti wa tatu na wa nne.